Ukuukuu wa Kamba: Je, Laptopu ya Miaka Kumi na Tatu Bado Inafaa?

Oktoba 2025 mpwa wangu alipata nafasi ya kusomea uhasibu chuo kikuu, Morogoro. Kabla hajanunua hata godoro, akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba. Wenzangu kwenye kundi la WhatsApp wanasema bila laptopu mpya nitaachwa nyuma. Mama ametenga laki saba. Ninunue ipi?"

"Marahaba, mwanangu. Usinunue kitu kwanza. Njoo Jumamosi tuijaribu ile yangu ya zamani, halafu tutakwenda Kariakoo pamoja."

"Ile nzito?"

"Hiyohiyo."

Ile nzito ni ThinkPad T430, toleo lililoingia sokoni mwaka 2012. Niliinunua ya mtumba mwaka 2016, nikaitumia miaka saba, kisha nikaipandisha juu ya kabati. Ilikuwa inachukua zaidi ya dakika mbili kuwaka, na betri yake ilikuwa haifiki nusu saa. Kama watu wengi, niliamini imekwisha. Wiki ile na mpwa wangu ilinionyesha kwamba sikuwa nimeielewa.

Laki saba si fedha ya kuchezea. Kwa dada yangu anayeuza gengeni, ni akiba ya mwaka mzima. Ndiyo maana nimeandika hesabu zetu zote hapa: bei tulizotajiwa, majaribio tuliyoyafanya, na uamuzi tulioufikia. Wahenga walisema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Kamba iliyosokotwa vizuri, hata ikichakaa, hufunga mzigo ambao ukambaa wa jana hauwezi kuushika. Katika maduka ya kompyuta, methali hiyo ina thamani ya fedha taslimu.

Nini hasa huzeeka?

Laptopu haizeeki yote kwa pamoja. Ina vitu vya aina tatu, na kila aina ina umri wake.

Kwanza ni vile vinavyochakaa lakini hubadilishwa: betri, diski, feni, kibodi, chaja. RAM haichakai, ila huja kuwa ndogo kadiri programu zinavyokua, nayo kwenye mashine nyingi za ofisi huongezwa kwa kufungua skrubu chache.

Pili ni vile ambavyo ukivipata ndivyo utakavyokaa navyo: prosesa na bodi kuu. Kwenye laptopu nyingi za miaka ya karibuni prosesa imechomelewa kwenye bodi. Bodi ikiungua, kwa kawaida gharama ya kuitengeneza haina maana tena.

Tatu ni kinachokufa kwa kalenda, hata kama mashine ni nzima kabisa: mfumo endeshi. Siku mtengenezaji anapoacha kutoa masasisho ya usalama, matundu mapya yanayogunduliwa na wahalifu hayazibwi tena.

Mtu anaposema "laptopu yangu imezeeka", mara nyingi anaumwa na tatizo la aina ya kwanza, lakini analipia dawa ya aina ya pili. Yangu ilikuwa hivyo. Ilikuwa na diski ya zamani yenye sahani inayozunguka, na RAM ya GB 4. Diski ya namna hiyo, ikiwa katika hali nzuri, husoma takriban MB 100 kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA hufika karibu MB 500. Tena pengo halisi ni kubwa kuliko tarakimu hizo zinavyoonyesha, kwa sababu kompyuta inapowaka husoma maelfu ya faili ndogondogo zilizotawanyika, na kwenye diski ya kuzunguka kichwa cha kusomea hulazimika kurukaruka kutoka faili moja hadi nyingine. SSD haina kitu kinachozunguka wala kinachoruka.

Laki mbili na kumi na tano

Fundi tuliyemwendea alitutajia hivi: SSD ya GB 256, shilingi 70,000. RAM ya GB 8, shilingi 45,000. Betri mpya, shilingi 80,000. Kazi yake, pamoja na kusafisha feni na kupaka upya pasta ya joto kwenye prosesa, shilingi 20,000. Jumla shilingi 215,000. Hizo ni bei za siku ile kwenye duka lile. Wewe utakuta nyingine, na RAM na SSD hupanda na kushuka kwa kufuata soko la dunia.

Mashine ilirudi na RAM ya GB 12, yaani zile 4 za awali na 8 mpya, na ikawa inawaka kwa chini ya nusu dakika. Mpwa wangu aliitumia wiki nzima kama ambavyo angeitumia chuoni, nami nilikaa pembeni nikiandika.

Kuandika kazi ya kurasa thelathini, kufungua PDF kubwa na kuwa na kurasa kumi na tano za kivinjari kwa wakati mmoja: hakuna alipokwama. Jedwali la hesabu lenye maelfu ya mistari lilifunguka bila kusuasua. Kikao cha video cha saa moja kilikwenda vizuri, ingawa feni ilisikika na picha ya kamera haikuwa safi.

YouTube ndiyo iliyofichua umri wake. Video za siku hizi hutumwa kwa mifumo ya ufinyazi kama VP9, na prosesa za Intel zilianza kuisoma VP9 kikamilifu kwa sakiti maalumu kuanzia kizazi cha saba. Prosesa ya T430, i5-3320M, ni ya kizazi cha tatu. Kazi yote huiangukia prosesa yenyewe, mashine inapata joto na betri inashuka haraka. Tulipopunguza ubora wa video hadi 720p ilitulia. Kipo pia kiongezi cha kivinjari kinachoilazimisha YouTube kutuma video kwa mfumo wa zamani wa H.264, ambao mashine hizi huusoma bila shida.

Mapungufu mengine yalikuwa ya mwili. Uzito ni zaidi ya kilo mbili, nao mwanafunzi anaubeba kutoka hosteli hadi ukumbi wa mihadhara kila siku. Skrini imefifia kwenye mwanga mkali. Haina tundu la USB-C. Kwa upande mwingine, kibodi yake ni bora kuliko ya laptopu nyingi nilizowahi kugusa, na ina tundu la VGA linaloingia kwenye projekta za zamani bila kuhitaji kiunganishi.

Kwa kazi za kila siku, basi, jibu ni ndiyo. Mashine ya 2012 ikipewa SSD na RAM ya kutosha inakidhi mahitaji ya mwanafunzi, ya mwalimu, ya mwenye duka na ya karani. Yule anayehariri video, anayechora majengo kwa programu nzito au anayecheza michezo mipya ya kompyuta asijaribu.

Kikwazo cha kalenda

Likabaki suala la tatu, na hili halitibiki kwa bisibisi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha masasisho ya bure ya Windows 10. Windows 11 inahitaji moduli ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache sana. Kwa AMD, mstari unaanzia kwenye baadhi ya Ryzen za mfululizo wa 2000. T430 inabaki nje ya mlango.

Kuna njia tatu za halali za kushughulikia hilo. Ya kwanza ni kujiandikisha kwenye mpango wa Microsoft wa masasisho ya ziada kwa watumiaji wa nyumbani, unaofika 13 Oktoba 2026. Hiyo inakununulia muda, haikupi suluhisho la kudumu. Ya pili ni kuhamia Linux. Linux Mint 22 ni ya bure, sura yake haimpotezi mtu aliyezoea Windows, na itapata masasisho hadi mwaka 2029. Inakuja na LibreOffice, inayofungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Ya tatu ni ChromeOS Flex ya Google kwa mtu ambaye kazi zake zote ziko kwenye kivinjari, lakini huyo lazima awe na bando la uhakika.

Mafundi wengi watakwambia kuna njia ya nne, ya kulazimisha Windows 11 iingie hata pasipotakiwa. Inaingia kweli. Lakini Microsoft haitoi ahadi yoyote ya masasisho kwa mashine kama hiyo, nawe unabaki unatembea bila kujua lini mlango utafungwa. Kwa mtu anayefungua akaunti ya benki kwenye kompyuta hiyo, sishauri.

Hapa ndipo uhasibu wa mpwa wangu ulipoingia. Kwa kazi za kawaida LibreOffice inamtosha mtu. Ila kozi yake itamdai programu za uhasibu zilizoundwa kwa Windows, na mwalimu atafundisha Excel kwa Excel. Angesomea Kiswahili, historia au sheria, ningempa T430 yenye Linux Mint na mama yake angebaki na akiba yake. Kwa uhasibu ilibidi twende Kariakoo.

Kasha jipya, roho dhaifu

Duka la kwanza lilikuwa na laptopu mpya kabisa, bado imefungwa kwenye nailoni. Shilingi 600,000. Mpwa wangu aliishika kama mtu anayeshika yai. Nyepesi, nyembamba, skrini inang'aa.

Nikamwomba muuzaji atuonyeshe maelezo ya ndani: prosesa Celeron N4020, RAM GB 4, hifadhi GB 64 ya aina ya eMMC.

Celeron N4020 ilitoka mwishoni mwa 2019 kwa ajili ya mashine za bei ya chini kabisa. Ina viini viwili tu. Kwenye vipimo vya kawaida vya nguvu ya prosesa, ile i5-3320M ya mwaka 2012 iliyokuwa juu ya kabati langu inaipita waziwazi. eMMC huchomelewa kwenye bodi na ni ya polepole kuliko SSD. Na kwenye mashine za bei hiyo RAM nayo mara nyingi imechomelewa, kwa hiyo huwezi kuiongeza. Windows yenyewe pamoja na masasisho yake itameza sehemu kubwa ya hizo GB 64 kabla mwanafunzi hajahifadhi hata mhadhara mmoja.

Mashine hii dhaifu inakubaliwa na Windows 11, na yangu yenye nguvu zaidi inakataliwa. Upya wake uko kwenye kasha na kwenye tarehe ya mfumo. Nguvu ya kazi haina. Huu ndio ukambaa mpya. Nimewaona wazazi wengi wakijinyima kuununua, na baada ya miezi sita mtoto analalamika kwamba kompyuta inaganda. Inauma, kwa sababu fedha ile ingetosha kununua kamba.

Mtumba wa ofisini

Duka la tatu lilikuwa na laptopu zilizotumika, zilizoingizwa kutoka nje. Nyingi ya hizi zilikuwa za makampuni ya Ulaya, Marekani na Ghuba, ambayo hubadilisha kompyuta za wafanyakazi kila baada ya miaka michache hata zikiwa nzima. Familia za kutafuta ni Lenovo ThinkPad mfululizo wa T, HP EliteBook na Dell Latitude. Zilitengenezwa kwa ajili ya kubebwa kila siku na kurekebishwa, na vipuri vyake vimejaa Kariakoo kama vilivyojaa katikati ya Nairobi.

Tulipata EliteBook 840 G5, toleo la 2018: prosesa i5-8350U ya kizazi cha nane yenye viini vinne, RAM GB 8, SSD GB 256, uzito wa takriban kilo moja na nusu. Muuzaji alianzia 780,000, tukamalizana kwa 700,000 na dhamana ya miezi mitatu kwa maandishi. Windows 11 inaikubali rasmi, na RAM yake inaweza kuongezwa siku mambo yakimnyookea.

Zilikuwepo pia mpya zenye uwezo kamili, prosesa ya miaka ya karibuni, RAM GB 8 na SSD GB 512, kwa shilingi 1,600,000. Ni nzuri. Mwenye uwezo na anunue. Kwa bajeti yetu zilikuwa za kutazamwa.

Hesabu ya kila mwaka

Bei ya dukani peke yake hudanganya. Gawa gharama yote kwa miaka unayotarajia mashine itafanya kazi bila kukukwamisha. Miaka iliyo hapa ni makadirio yangu mwenyewe.

T430 iliyofufuliwa kwa 215,000, miaka 3: takriban shilingi 72,000 kwa mwaka.

EliteBook ya mtumba kwa 700,000, pamoja na betri mpya ya 90,000 katikati ya safari, miaka 4: shilingi 197,500 kwa mwaka.

Mpya kamili kwa 1,600,000, miaka 6: takriban shilingi 267,000 kwa mwaka.

Mpya dhaifu kwa 600,000, miaka 2: shilingi 300,000 kwa mwaka.

Ile iliyoonekana rahisi kuliko zote za dukani ndiyo ghali kuliko zote nne.

Wapo wanaosema laptopu ya zamani itakula umeme. Tupige hesabu. Mashine ya zamani inayotumia wati 30, saa sita kwa siku, hula uniti 5.4 kwa mwezi. Kwa mteja wa LUKU anayelipa takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na tozo, hiyo ni kama shilingi 1,920. Mpya inayotumia wati 15 ingekula nusu yake. Tofauti haifiki shilingi 1,000 kwa mwezi. Umeme si sababu ya kutupa laptopu.

Kagua kabla ya kutoa hela

Mtumba una hatari zake, na nimewahi kuumia. Mwaka 2019 niliuziwa betri iliyoitwa mpya. Ilidumu miezi minne, na sikuwa na risiti. Tangu hapo nina utaratibu, na nakusihi uufuate bila kuona haya mbele ya muuzaji.

Soma namba ya prosesa ndani ya mashine, kwenye mipangilio ya mfumo, usiamini stika iliyobandikwa juu. Kwenye i5-8350U, tarakimu 8 baada ya kistari ndiyo kizazi. Kwenye i5-10210U ni kizazi cha kumi. Usibabaishwe na neno i7: ile ya kizazi cha tatu yenye viini viwili inazidiwa na i5 ya kizazi cha nane.

Pima betri. Fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti itakayotengenezwa. Itakuonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Yetu ilikuwa asilimia 72, tukaitumia kama hoja ya kushusha bei. Ikiwa chini ya nusu, hesabu bei ya betri mpya humohumo. Ikiwa imevimba, kibodi au kifuniko cha chini kimetutumka, achana nayo. Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kushika moto.

Izime na uiwashe huku ukiingia kwenye mipangilio ya BIOS. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, au ikionyesha jina la kampuni inayoisimamia kwa mbali, rudisha. Siku moja itafungwa nawe huna pa kwenda.

Bonyeza kila herufi ya kibodi. Jaribu kamera, maikrofoni, spika, Wi-Fi na matundu yote ya USB. Fungua na kufunga skrini mara kadhaa usikilize bawaba. Chomeka chaja, uitikise taratibu uone kama chaji inakatika. Iache iwake nusu saa, uone kama inapata joto kupita kiasi au kujizima.

Kisha dai risiti ya EFD na dhamana ya maandishi. Kama Windows na Office zilizomo ni za kuvunjwa, jua kwamba hujui aliyezivunja aliweka nini kingine humo ndani.

Yangu ya zamani ilikokwenda

T430 haikurudi juu ya kabati. Ina Linux Mint sasa, na iko kwa dada yangu. Mdogo wake mpwa wangu, aliye kidato cha pili, anajifunzia kuchapa na kusoma. Jioni mama yao anaandika humo mauzo ya genge na madeni ya wateja. Vinginevyo ingeishia dampo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Laptopu inayofanya kazi si taka.

Uamuzi wangu kwako, msomaji, ni huu. Kama una laptopu yenye prosesa ya i5 au i7, hata ya miaka kumi na zaidi, weka SSD na RAM ya GB 8 kabla ya kufikiria nyingine, halafu amua kuhusu mfumo endeshi. Kama kazi yako inadai Windows, tafuta mtumba wa ofisini wa kizazi cha nane kwenda juu, wenye RAM isiyopungua GB 8. Kama una fedha ya mpya, nunua mpya kamili. Lakini usinunue mpya dhaifu kwa sababu tu inanukia kiwanda. Mzazi mwenzangu, kabla hujatoa akiba ya mwaka mzima, muulize muuzaji maswali matatu: prosesa kizazi gani, RAM kiasi gani na inaongezeka, hifadhi ni SSD au ni eMMC? Asipoweza kujibu, duka la jirani liko wazi.